Mzee Ishirini Aliposhuka Garini

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili kazini, dereva na mpimaji wetu mkuu atakabidhi funguo za gari la vipimo vya mionzi na kustaafu. Jina lake halisi limo kwenye faili. Sisi tunamwita Mzee Ishirini, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akizidisha kilomita ishirini kwa saa. Ana hoja: gari likienda mbio, chombo cha kupima mionzi hakipati muda wa kuhisi kitu. Kwa nini anaendesha hivyohivyo akienda harusini, hata mkewe ameshindwa kutueleza.

Aliajiriwa kama dereva tu. Wapimaji wa enzi hizo walikuwa wakisinzia kiti cha nyuma, naye akajifunza kusoma mshale wa chombo mwenyewe, ili, kama anavyosema, asiendelee kuwatembeza watu waliolala. Tangu hapo amepata vyanzo kumi na kimoja vya mionzi vilivyopotea, kikiwemo kimoja kilichokuwa kikizuia mlango wa stoo usijifunge. Amepata pia vyenye mionzi ambavyo havikupotea: ghala la mbolea, lori la vigae, na bwana mmoja aliyetoka kutibiwa tezi ya shingo kwa dawa yenye mionzi, ambaye alipoona gari letu limesimama mlangoni aliruka ukuta wa jirani.

Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni ya miaka mitatu iliyopita. Mafundi wa barabara walikuwa wamepoteza kipande cha chuma chenye mionzi, kidogo kama kifuniko cha kalamu, kilichochomoka kwenye mashine yao ya kupimia ardhi. Tulizunguka mtaa mmoja asubuhi nzima. Chombo kililia sokoni, kikalia shuleni, kikalia hata tulipoegesha kunywa chai. Mtaa mzima ulionekana umejaa mionzi.

Ndipo mzee akakohoa kidogo na kukiri kwamba jana yake alikuwa hospitali kupimwa moyo, akachomwa sindano ya dawa yenye mionzi. Hakumwambia mtu, hasa mkewe, asije akanyang'anywa usukani. Nilipompigia simu mkuu wa kituo chetu kumweleza, alicheka mpaka akapaliwa.

"Mrudishe," akasema, "tumfungie stoo na vyanzo vingine."

Mimi, niliyekuwa na wiki tatu kazini, nilikuwa nimeshaandika kwenye daftari: chanzo kimepatikana, kina umri wa miaka hamsini na saba. Niliona nimechekesha sana.

Mzee hakucheka. Alizima injini, akashuka, akatembea hadi mwisho wa barabara, akasimama kando ya nguzo ya umeme akiwa amekunja mikono. Sauti ya chombo ilipungua. Haikukatika. Akanipigia simu kutoka pale nguzoni.

"Binti, mimi nimeshuka. Mbona bado inalia?"

Nilifuta nilichoandika. Alinielekeza kwa simu, hatua kwa hatua, kadiri nilivyomsomea mshale, nami nikaendesha gari peke yangu, polepole kuliko mtu anayetembea, hadi kibanda cha fundi cherehani. Kipande kilikuwa kwenye kopo la vifungo. Mama mwenye kibanda alikiokota barabarani siku mbili kabla, akakipenda kwa kung'aa kwake. Chini ya meza, karibu na kopo, mwanawe wa miezi tisa alikuwa akicheza na vipande vya kitambaa. Tungetii amri ya kurudi, kopo lingebaki pale. Madaktari waliwapima wote wawili, wakawakuta wazima. Mtoto huyo sasa anakimbia, na mama yake ndiye aliyeshona suti ya mzee utakayoiona kwenye sherehe ya kumuaga.

Mkewe alizipata habari za moyo siku hiyohiyo. Hilo mzee bado analiita ajali pekee ya maisha yake.

Asante, baba. Pumzika vyema, nenda kliniki bila kujificha, uwachoshe wajukuu kwa mwendo wako. Usukani nimeachiwa mimi. Ukisikia msururu wa honi mtaani kwako, ujue ni sisi tunapita, kwenye ishirini.