Punguza Tena Mgongoni

KAKA: Haloo? Nani mwenzangu?

MCHONGAJI: Ni mimi, kaka. Shikamoo.

KAKA: Marahaba. Kumbe wewe. Nina sabuni mikononi, sikutazama jina.

MCHONGAJI: Unafua?

KAKA: Namwosha baba. Ngoja nichomeke spika za masikioni... Haya, sema.

MCHONGAJI: Anaendeleaje?

KAKA: Yupo. Leo kanywa supu kidogo. Na wewe mbona sauti kama ya mtu aliyeshinda akibeba zege?

MCHONGAJI: Heri zege. Ni ile kazi ya chuo cha uuguzi. Wanataka mwili wa mzee mgonjwa kwenye kompyuta, wanafunzi wajifunze kumgeuza kitandani. Nimeuchonga, mwalimu kaurudisha. Eti nimemlaza mcheza mpira.

KAKA: (anacheka) Mcheza mpira!

MCHONGAJI: Usicheke bwana. Programu yenyewe ya bure, brashi tatu tu: ya kuvuta, ya kubonyeza, ya kulainisha. Nikiongeza mikunjo ya ngozi, kompyuta inaganda. Na nachonga kwa kipanya, kaka. Ni kama kumnyoa mtu kwa panga.

KAKA: Sasa mimi fundi baiskeli nikusaidie nini?

MCHONGAJI: Mgongo. Mgonjwa akilala ubavu, bega la juu linakaaje? Nikasema, wewe unamgeuza baba kila siku—

[Mtandao unakwaruza.]

KAKA: —nini? Umepotea.

MCHONGAJI: Nasema nipigie picha ya—

KAKA: Hapana. Hataki kupigwa picha hivi alivyo. Nitakuambia kwa mdomo. Nimeshamgeuza, uliza.

MCHONGAJI: Haya, nimefungua. Bega nimelijaza, la mtu aliyebeba magunia.

KAKA: Punguza.

MCHONGAJI: Nimebonyeza.

KAKA: Punguza tena. Mfupa umesimama kama bawa la kuku aliyenyonyolewa. Chini yake pana shimo, ngumi yangu inaingia yote.

MCHONGAJI: Ngumi yako wewe?

KAKA: Yote.

MCHONGAJI: Haya. Uti wa mgongo nimeupitisha kwenye mfereji, nyama huku na huku—

KAKA: Nyama ipi? Hakuna mfereji, ni tuta. Pingili zinaonekana moja moja.

MCHONGAJI: Tangu lini?

KAKA: Tangu lini nini?

MCHONGAJI: Baba. Mara ya mwisho nilipokuja—

KAKA: Mara ya mwisho alitoka mpaka nje kukupokea begi.

MCHONGAJI: Mbona hukuniambia?

KAKA: Nilikuambia kapungua. Ukasema, mwambie ale.

[Kitambaa kinakamuliwa majini.]

KAKA: Upo?

MCHONGAJI: Nipo. Kaka, nilikuwa namchonga yeye. Toka mwanzo. Mzee mwingine simjui mwili wake.

KAKA: Nilishajua, uliposema magunia, kazi yake ya zamani. Tuendelee, maji yanapoa. Kiunoni pana kidonda. Usikiweke.

MCHONGAJI: Lakini wanafunzi wangetaka kuona—

KAKA: Usikiweke.

MCHONGAJI: Sikiweki.

KAKA: (kwa mbali) Ndiyo, baba, ni yeye. (karibu) Anauliza umekula?

MCHONGAJI: Mwambie nimekula.

KAKA: Umekula?

MCHONGAJI: Bado.

KAKA: (kwa mbali) Kasema kala, baba. Kashiba.

MCHONGAJI: Nani anakusaidia kumgeuza?

KAKA: Ukuta.

MCHONGAJI: Kaka...

KAKA: Kweli. Namwegemeza ukutani, nambana kwa goti, nabadilisha shuka kwa mkono mmoja. Nimeshazoea.

MCHONGAJI: Na mgongo wako wewe?

KAKA: Bega umelimaliza?

MCHONGAJI: Nakuuliza mgongo wako.

KAKA: Nimechoka, mdogo wangu. Nisikudanganye.

MCHONGAJI: Nimezima kompyuta.

KAKA: Umezima? Na kazi ya watu je?

MCHONGAJI: Mwalimu atangoja. Asipongoja basi. Kaka, salio langu linaisha, sikiliza. Kesho nakuja. Na nguo za kukaa. Wewe utamshika mabega, mimi nitavuta shu—

KAKA: Haloo?... Haloo? Imekatika.

[Maji yanamwagika kwenye beseni.]

KAKA: Hapana, baba, hajakasirika. Salio tu. Anakuja kesho... Ndiyo, anakuja kukaa. Haya, niegemee mimi, nikukaushe.