Yotamu Mwasyeba, Aliyepima Gesi kwa Povu

Marehemu Yotamu Mwasyeba alizaliwa Ngonga mwaka 1915, mtoto wa pili wa mzee Ezra, mkulima wa mpunga. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaacha mafuriko yalipobeba mpunga wa baba yake.

Mwaka 1936 alifunga ndoa na Tulinagwe, mfinyanzi wa Ikombe, ng'ambo ya ziwa. Wazee walinung'unika kwamba amefuata mke kwa mtumbwi kana kwamba Ngonga wasichana wamekwisha. Yotamu alicheka tu. Mungu aliwajalia binti mmoja, Rut.

Alikuwa mpishi katika nyumba ya Mzungu mmoja mnunuzi wa mpunga, hapa Mbugani, akiishi uani na mkewe. Mitungi ya gesi ilipoanza kuletwa kwa lori kutoka Mbeya, mwaka 1955, alikabidhiwa yeye. Kila alipofunga mtungi alikoroga sabuni katika kijichungu alichofinyangiwa na mkewe, akapaka koki na viungo vya mpira kwa unyoya wa kuku. Mapovu yakichomoza, gesi inavuja, na hapiki mtu. Alizoea mno, hata siku ya harusi ya Rut alikutwa akipaka sabuni magurudumu ya baiskeli ya bwana harusi. "Baba Rut, na mkwe naye utampaka?" Tulinagwe aliuliza, watu wakavunjika mbavu.

Gesi hiyo ni nzito, hutambaa chini, kwa hiyo Yotamu alitoboa tundu chini ya ukuta wa stoo ipate pa kutokea. Aprili mwaka huu wa 1958 mto ulifurika. Tulinagwe alipoona maji yanakaribia, aliliziba tundu kwa udongo wa vyungu, kama wanawake wa kwao wanavyoziba kila upenyo wakati wa masika. Ndani ulikuwapo mtungi uliodhaniwa umekwisha, koki wazi. Gesi iliyobaki ilijaa stoo, ikapenya chini ya mlango hadi jikoni. Yotamu alikuwa na mafua, hakusikia harufu. Akawasha kiberiti.

Aliungua vibaya, akalazwa hospitali ya misheni, akafariki tarehe 2 Mei. Tangu hapo maneno ni mengi, na yanaumiza. Wapo wanaosema Tulinagwe amemuua mumewe, na jana alikatazwa kukaa karibu na jeneza. Basi yasikike aliyoyasema marehemu kitandani mbele ya mdogo wake Gideoni, anayesoma haya:

"Mtungi ule niliuona mtupu. Sikufunga koki, wala sikuupaka povu. Tundu nililitoboa mimi, nisimwambie Mama Rut ni la nini. Yeye alizuia maji. Msimguse. Udongo wa kwanza autupe yeye."

Ameacha mjane, Tulinagwe, binti, Rut, mkwe, Lameck, wajukuu wawili, na mdogo wake Gideoni.

Ndugu, mpisheni. Shemeji Tulinagwe, sogea mbele, mumeo amesema uanze wewe. Yotamu apumzike kwa amani, nawe uachwe uishi kwa amani.