Damu ya Béthanie

Laetitia, sogeza kiti. Jephté, funga mlango, na msinikatize wanangu, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema jambo moja tu.

Dada yenu Béthanie alipokuwa na mimba ya miezi mitano, waganga wa hospitali walikuja hapa Kamina toka Lubumbashi, wakawa wanaomba wajawazito kichupa kimoja cha damu, wakitafuta ndani yake alama za kuonyesha mapema nani atapanda tension, presha ya damu, hata kabla miguu haijavimba. Béthanie alikuja kwangu, akaniambia, «Papa, minyi nataka batoe damu yangu.» Mumewe Jessé alikuwa kazini Luena. Mimi, mzee wa kanisa, mwalimu niliyesomesha nusu ya mtaa huu, nilimjibu kwamba damu ya mtoto wangu haitasafirishwa kwa treni kama magunia ya mihogo.

Alitii. Mimba ilipofika mwezi wa saba akanilalamikia, «Papa, kichwa iko inauma, macho inaona giza.» Nikamwambia apumzike, tutaomba. Siku ya pili alianguka akitetemeka. Waganga walimpasua, wakamtoa Ariane akiwa hai. Mama yake hakuamka.

Sijui kama kile kichupa kingemwokoa. Najua nilikikataa. Na kwenye kilio, watu walipouliza kwa nini hakutoa damu, nilisema ni Jessé njo alikataza. Alisimama akasema, «Papa, minyi sikukataza,» lakini nani angemwamini kijana dhidi ya mzee wa kanisa? Akabeba mtoto, akaenda Bukama.

Miaka tisa nimekula bukari peke yangu. Kanisani wananipa pole kama mtu aliyedhulumiwa, na kila pole inanisogeza mbali nao, kwa sababu wanamfariji mtu ambaye si mimi.

Laetitia, weye sasa una mimba ya miezi mitano. Usiniambie unajisikia vizuri. Béthanie pia alijisikia vizuri. Rudi Lubumbashi kesho, usingoje kunizika. Mwambie munganga dada yako alikufa kwa nini, uliza kama wana kile kipimo cha damu, wapime na figo na ini, na tension kila unapokwenda, maana damu peke yake haisemi yote. Kichwa kikiuma, macho yakififia, nenda siku ile ile, wala usiombe ruhusa ya mwanamume yeyote, hata awe ameshika Biblia.

Jephté, nyumba hii ni ya Ariane. Usinung'unike, weye una yako. Panda treni, umlete pamoja na baba yake. Na mbele ya jeneza langu, kabla ya wimbo wa kwanza, simama useme kwa sauti: Jessé hakukataza, Papa alikataza. Wakikasirika, waache. Wakiondoka, mnizike ninyi wawili.

Maji... basi, yatosha.

Laetitia, leta mkono. Mungu akufikishe salama... akupe kumshika mtoto wako, na yeye akushike. Jephté, Mungu akupe... mdomo usioogopa.

Nendeni sasa. Treni... ulizeni inaondoka saa ngapi.