Cleophus Tarver na Sekunde Arobaini na Moja

“Kama Cleophus Tarver angeweza kusubiri kengele kama watu wazima wengine, mkanda wa dunia ungebaki Youngstown.” Hivyo ndivyo alivyoandika Vince Carabotta katika safu yake ya michezo mwezi uliopita. Ni sentensi nzuri. Nimeisoma mara nyingi, maana si kila siku mtu hukutana na uwongo uliovaa suti na kufunga tai. Tatizo ni kwamba wajumbe watano wa kamati ya ukuta wa mabingwa, hapa kwenye ukumbi wetu wa ndondi, nao wameisoma. Wameahirisha kura ya kutundika picha ya Tarver ukutani, na sasa watapiga kura Alhamisi.

Mhariri wa jarida hili aliniomba ukurasa wa furaha wa kumuaga mwenzetu. Furaha ipo tele. Ugomvi nimeuongeza mimi.

Tarver anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Mei, baada ya miaka arobaini na mitano kwenye kona ya ulingo. Kazi yake ni kuzuia damu. Bondia akipasuka juu ya jicho, Tarver ana dakika moja ya mapumziko, pamba, dawa, mafuta ya mgando, na kile kipasi chake cha chuma cha kukandamizia uvimbe, kinachoshinda kwenye ndoo ya barafu. Kengele ikilia tena, jicho linaona. Mabingwa watano wa dunia wameketi mbele yake kwenye kigoda, na kila mmoja alisimama akiwa na uso mzima zaidi kuliko alivyokaa.

Hakuzaliwa na kazi hiyo. Kiwanda cha chuma kilipofungwa alijifunza unyozi, na kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa kinyozi mbaya sana. Wateja walitoka wakivuja. Ndipo Stan Kozlar, kocha mkuu wa ukumbi huu, aliyekuja kunyolewa na kukatwa shavu mara mbili, alipogundua kwamba mtu yule hajui kunyoa lakini damu inamtii. Wiki iliyofuata Tarver alikuwa kwenye kona ya ulingo. Mtaa mzima ulifurahi, hasa wale waliokuwa wakienda kwake kunyolewa.

Mabondia wanamwita Mzee, na walianza kumwita hivyo akiwa na miaka thelathini. Anapokandamiza jeraha huimba nyimbo za kanisani kwa sauti ambayo kanisa lake lenyewe lilimwomba aitunze nyumbani. Safari moja, Pittsburgh, alisahau kipasi hotelini. Jicho la bondia wetu lilikuwa limevimba kama mkate wa bofulo. Tarver alichupa hadi kwenye kibanda cha vyakula, akarudi na soseji iliyoganda, akamkandamiza nayo usoni raundi nne mfululizo. Tulishinda. Kona ya pili ilipeleka malalamiko kwamba bondia wao alitolewa mchezoni na harufu ya kitunguu saumu. Refa aliuliza kama kuna kanuni inayokataza soseji. Haikuwepo.

Basi, sasa tuje kwa Carabotta.

Mwaka 1997, Cleveland, bondia wetu Darnell Pettway alikuwa akitetea mkanda wake wa uzito wa kati kwa mara ya nne. Raundi ya kumi na moja, majaji wote watatu walikuwa wamempa yeye pointi zaidi. Ghafla Tarver alipanda ngazi, akajipenyeza kati ya kamba, akasimama ndani ya ulingo huku mapigano yakiendelea. Kila anayejua ndondi anajua maana yake. Mtu wa kona akiingia kabla ya kengele, bondia wake anahesabiwa ameshindwa. Refa alipunga mikono, pambano likaisha, mkanda ukaondoka.

Carabotta anasema mzee alichanganyikiwa. Anasema alisikia kile kibao kinachogongwa sekunde kumi kabla ya raundi kuisha, akadhani ni kengele. Watu wa kona waliwahi kufanya kosa hilo, sikatai. Lakini mkanda wa video upo, nami nimeutazama, kazi ambayo mwandishi wa michezo angeweza kuifanya bila kuvua koti. Zilikuwa zimebaki sekunde arobaini na moja. Kibao kilikuwa hakijagongwa.

Tena kuna kigoda. Mtu wa kona anayeamini raundi imeisha haingii bila kigoda, bila ndoo, bila pamba aliyoishika kwa meno. Mikono yake hufanya hivyo yenyewe, kama yako inavyopapasa ufunguo ukifika mlangoni. Tazama video. Kigoda kiko chini kwenye ngazi. Ndoo iko pembeni yake. Tarver ameingia mikono mitupu, na ameinyoosha mbele kama mtu anayemwendea mtoto aliyesimama barabarani.

Alijua raundi haijaisha. Ndiyo maana aliingia.

Nilikuwa kwenye kona ile nikibeba maji, kwa hiyo hili sikusimuliwa. Baada ya raundi ya tisa Tarver alimwambia Kozlar arushe taulo ulingoni, pambano lisimamishwe. Kozlar alikataa. Baada ya raundi ya kumi, Pettway aliketi, akamtazama Tarver, akauliza kwa upole kabisa:

“Mzee, tunaanza saa ngapi?”

Tarver alimgeukia Kozlar tena.

“Stan, huyu mtoto hayupo hapa.”

“Anaongoza, Cleo. Kazi yako ni damu. Akili niachie mimi.”

Kwa desturi yetu, taulo ni la kocha mkuu. Mtu wa damu hana taulo, hana kura, hana sauti. Ana miguu tu. Tarver alitumia aliyokuwa nayo.

Usiku ule, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Pettway alimtukana matusi ambayo jarida hili haliwezi kuyachapa, na mengine ambayo sidhani yana tahajia. Kozlar alimsimamisha kazi miezi minane. Miaka sita Pettway alivuka barabara kila alipomwona. Na Tarver? Magazeti yalipoandika kwamba alichanganyikiwa, aliacha yaandike. Nilimuuliza kwa nini hajitetei. Akasema akijitetea itabidi aseme Darnell alikuwa katika hali gani, na hilo ni siri ya Darnell. Kisha akaniuliza kama nimeona alipoweka mkasi.

Mwaka huu Pettway amenipa ruhusa. Alinipigia mwenyewe baada ya kusoma safu ya Carabotta, akaongea kama mtu anayevunja mbao.

“Andika. Andika kwamba raundi tatu za mwisho sizikumbuki. Wala safari ya kurudi. Nilidhani yule mzee ameniibia. Sasa nina miaka hamsini na saba, nafundisha hesabu darasa la sita, na asubuhi naita majina thelathini bila daftari. Nani alinipa hayo? Carabotta?”

Najua Carabotta atajibu nini. Atasema hakuna uthibitisho kwamba zile sekunde arobaini na moja, na raundi ya kumi na mbili, zingemdhuru. Kweli, hakuna. Kitu kilichozuiwa hakiachi kovu la kuonyesha gazetini. Lakini miaka tisa kabla ya Cleveland, Tarver alikuwa kwenye kona ya bingwa mwingine wa mji huu, Rocco Santangelo, na usiku ule aliona macho yaleyale, akanyamaza kwa sababu taulo halikuwa lake. Santangelo alishinda kwa pointi. Picha yake iko ukutani kwetu, ya tatu kutoka mlangoni, mkanda begani. Dada yake humlisha kwa kijiko. Jumapili, Tarver huenda kumnyoa. Ndiye mteja pekee ambaye hajawahi kumkata.

Mzee, vijana wote wa ukumbi huu wanakushukuru, na hata sisi tulionyolewa nawe tumekusamehe. Nenda ukapumzike na mkeo Lorraine, uvue samaki, uimbe kadiri unavyotaka mahali wasipokusikia. Kila la heri katika siku zako zote.

Sasa ninyi watano wa kamati. Mnasema ukuta ni wa walioshinda, na kwamba Tarver alipoteza pambano lililokuwa letu. Vema. Pettway atakuwepo Alhamisi. Nimemwomba aje, na atakaa kiti cha mbele. Kabla yeyote kati yenu hajainua mkono kusema hapana, asimame, amtazame machoni, amwambie ni ngumi zipi, kati ya zile ambazo hakupigwa, yeye mjumbe angetaka Pettway apigwe.