Evarista Asiache Dawa Ili Apasuliwe

Mgeni rasmi, Mama Meneja wa Kanda wa Mfuko wa bima ya afya, uliyetoka Iringa alfajiri na baridi hii, Mheshimiwa Diwani, daktari wetu wa kliniki, walezi na wenzetu wote, nawasalimu: kamwene.

KARIBU UYOLE

Sisi ni watu thelathini na mmoja tunaougua magonjwa ya akili, pamoja na wanaotulea. Tumefurahi umekubali kutufungulia ghala letu la viazi. Ninayesoma ni mimi, Devota Sanga, katibu. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo nikijikwaa mnichukulie hivyohivyo.

TULIKOTOKA

Tulianza mwaka 2019. Wenzetu walikuwa wakijiona wamepona wanaacha dawa, halafu tunakwenda kuwaokota barabara kuu katikati ya malori. Ndipo tukaweka utaratibu wa mwenza wa dawa. Saa kumi na mbili asubuhi mnakutana wawili, mmoja anameza, mwingine anamtazama, mnasaini daftari. Hata kama jana mligombana, asubuhi mtakutana tu.

Mwenza wangu ni Evarista Mgaya, mpishi wa shule. Kadi yake ya bima ni ya Mfuko wako, Mama.

MAFANIKIO

Mwaka wa tatu huu hakuna mwenzetu aliyerudishwa wodini. Viazi mtaviona wenyewe. Evarista alikuwa akisikia sauti za watu wasiokuwepo. Zikanyamaza miaka minne. Anapikia watoto mia nne na hajaunguza hata maharage.

CHANGAMOTO

Dawa zinatuliza kichwa lakini zinaleta njaa, na njaa yake haina adabu. Evarista alikuwa na kilo sitini na nane. Sasa ana mia moja thelathini na sita, na sukari, na presha, na akilala chali pumzi inakata. Daktari bingwa wa Dar es Salaam aliandika afanyiwe upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula. Daktari wake wa akili naye akaandika kwamba ametulia, anaweza.

Mwezi wa tatu tulimsindikiza ofisini kwenu Iringa. Kijana wa dirishani akamwambia, "Dada, si upunguze ugali tu?"

Evarista akamjibu, "Kaka, ugali nimeshapunguza. Imebaki nipunguze sahani."

Foleni nzima ilicheka, na kijana mwenyewe akacheka. Tukaona mambo yatakwenda.

Hapo ndipo tulipokosea. Ili muone anavyojitunza, tuliambatanisha nakala ya daftari letu, saini za miaka minne bila kuruka siku. Mwenyekiti wetu, mzee Gerson, alisema, "Wakiliona hili watakubali wenyewe." Barua ikarudi: kwa kuwa daftari linaonyesha bado anameza dawa za akili kila siku, ugonjwa haujaisha, ombi limekataliwa. Anaweza kuomba tena akikaa miezi kumi na miwili bila dawa hizo.

Mama, mtu wa presha akimeza dawa kila siku si mnamsifu?

Linalofuata Evarista hakutaka tuliseme. Jana tumegombana naye, na najua ananitazama ninapolisoma. Tumeona bora atukasirikie akiwa mzima.

Leo ni siku ya kumi na tisa hajameza. Anaficha kidonge chini ya ulimi, anasaini, anakwenda nyuma ya jiko kutema. Nilianza kushtuka alipoacha kuongea na mimi asubuhi. Anasaini, anaondoka na mdomo umefungwa. Nikamfuata, nikamkuta.

Akasema, "Devota, usipige kelele. Nahesabu miezi kumi na miwili."

"Na sauti zikirudi?"

"Zitanikuta nimepungua."

Tumezoea kucheka na Evarista, lakini hapo sikuweza. Juzi alifunga madirisha yote ya jiko mchana, moshi umejaa, akasema kuna watu nje wanamtaja jina. Nje kulikuwa na kuku.

MAOMBI

Tuliandika maombi manne. Matatu tumeyafuta jana, limebaki la Evarista.

Tunaomba sharti hilo la kuacha dawa liondolewe, na faili la Evarista lisomwe upya na daktari. Tunajua hayo yana vikao vyake. Evarista hawezi kuvisubiri vikao. Kwa hiyo, Mama, kabla hujakata utepe, tunaomba umwambie kwa mdomo wako, mbele yetu sote, kwamba akimeza dawa hamtamnyima upasuaji kwa sababu hiyo. Sisi tumemwambia hadi tumechoka. Anasema, "Barua ya kunikataa hamkuisaini ninyi."

Kama huwezi kulisema, utepe uache kwanza. Kaa naye umweleze mwenyewe kwa nini asimeze. Yuko safu ya pili, kitenge cha njano. Kidonge chake cha leo ninacho mkononi, na maji yapo mezani kwako.

Mungu akutie maneno mdomoni, akurudishe Iringa salama, na dada yetu amwache na akili yake.

Ni sisi,
Kikundi cha Tumeze Pamoja, Uyole, Mbeya.