Dua ya Kukwama

Gari la Kiriaini lilipokaribia Nyeri, Mama Nadhira wa Majengo alishajuta kumwambia Oloo, mwalimu aliyeketi kando yake, kwamba mwanawe Fuad anacheza futiboli ya Marekani. Walimu hata safarini hutafuta kosa. "Ati anaingia tu wenzake wakikwama, wakishindwa kusonga mbele, halafu anawapigia wapinzani mpira?" Oloo aliuliza akicheka.

"Anaupiga mbali sana! Miaka tisa, timu tatu."

"Na wasipokwama?"

"Anakaa tu kwa benchi." Akashusha sauti. "Ndiyo maana kila mechi naomba wakwame kidogo, nimuone kwa simu."

Oloo hakucheka tena. Gari liliposimama, akamshushia kikapu. "Wanacheza lini?"

"Jumapili."

"Basi, mama, hata mimi nitawaombea wakwame, huko kanisani."