Piano Isiyo na Kitufe

Jumamosi ile kijiwe cha kahawa cha Khamisi pale Nkuhungu kilichafuka, na aliyekichafua ni Mwalimu Abeli, mpiga kinanda wa kwaya mwaka wa ishirini na mbili huu, mtu ambaye siku zote hunywa kahawa yake kimyakimya. Leo alishasimama mara tatu, akakaa mara tatu. Mwanafunzi wake Anyesi, aliyemfundisha tangu yuko darasa la nne, jana alikwenda kujaribiwa kwenye shule moja mpya upande wa Mtumba inayotafuta mwalimu wa muziki. Wamemrudisha nyumbani. Tena wamemcheka!

— Wamecheka nini hasa? aliuliza Khamisi, Mrangi wa Kolo, huku akimimina.

— Wamemkalisha kwenye lipiano la mbao, likubwa kama kabati. Kapiga, vidole vinateleza kama maji! Wakamwambia, haya, pandisha wimbo kidogo, watoto waimbe juu. Akatafuta kitufe cha kupandishia.

— Akakipata?

— Akipate wapi? Piano nzima haina kitufe hata kimoja!

Seth akaweka kikombe chini. Huyu hufagia korido za wizara huko Mtumba, ndiyo maana kijiwe kinamwita Waziri.

— Wamekificha. Nawajua wale. Hata rimoti ya kiyoyozi wanaifungia kabatini. Nafasi hiyo ina mtu wao tayari.

— Acha uongo, Waziri, alisema Khamisi. Ni upepo huu wetu. Mlango wangu wa mbao umekauka, umeachia ufa mpaka paka anapita. Kitufe kilidondoka zamani, nyie wafagiaji mkakizoa.

— Basi angeona tundu!

— Tundu wameziba kwa polishi!

Abeli alijua hakukuwa na tundu; piano ya mbao haijawahi kuwa na kitufe. Kila wimbo aliompa Anyesi aliuanzisha palepale, kwenye vibao vyeupe vilevile. Kwaya ikitaka juu, wanabonyeza kitufe, kinanda chao cha umeme kinapanda chenyewe, vidole havihami. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyofundisha. Kujua huko ndiko kulikozidi kumtia hasira.

— Nimepigia maharusi, nimepigia misiba, watu wamelia! alifoka. Leo nionekane sijafundisha?

— Andika barua, Mwalimu, alisema Seth. Naipeleka mwenyewe mpaka mezani.

— Sema piano isiyo na kitufe ni mbovu, iende kwa fundi.

— Ongeza kwamba inavunja katiba!

— Shikamooni.

Ni Anyesi, kakumbatia kipande cha boksi.

— Marahaba, mama. Pole sana. Tunaandika barua hapa, watakukoma!

— Msiandike, Waziri. Wamenipigia simu, wananipa nafasi ya pili. Nirudi Jumatatu, nipige wimbo uleule, ila nipandishe kwa vidole, nianzie kwenye kibao cheusi.

Akasogeza vikombe, akalaza boksi juu ya benchi. Alikuwa amelichora vibao vyote kwa kalamu, vyeupe na vyeusi, kwa rula.

— Mwalimu, nikianzia hapa kwenye cheusi, kidole kinachofuata kinakwenda wapi?

Abeli akanyoosha mkono juu ya boksi, na mkono, bila kuambiwa, ukaenda kukaa palepale kwenye vyeupe ulipozoea. Akauinua. Akauweka kwenye cheusi. Kidole gumba kikabaki hewani, hakina pa kwenda.

— Mwalimu?

— Sijui, mwanangu.

Hakuna aliyewahi kumsikia akitamka neno hilo. Anyesi hakucheka. Alikuwa bado anangoja, kalamu mkononi, na Abeli akaona ni afadhali jana wangemcheka yeye.

— Sikufundishwa, ndiyo maana sikukufundisha. Jumatatu tunakwenda wote. Nitawaomba watuonyeshe.

— Watacheka, Mwalimu.

— Watucheke wawili. Khamisi, ondoa vikombe vyako hapa, tunataka nafasi ya mazoezi.